Viungo vya Mtoro

Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi fundi bomba alimwaga mfuko wa viungo vya plastiki juu ya mkeka, katikati ya sebule, akakaa kando yake kama muuza karanga. Viwiko, tii zenye umbo la herufi T, soketi, vizibo, koki; vyeupe na vya kijivu, vya nusu inchi na vya robo tatu. Mwenye duka la vifaa alikuwa amemwachia mfuko mzima ili Mama achague nyumbani kwake, maana miguu ya Mama haikuwa ya kwenda dukani tena. Vitakavyobaki vingerudi Jumatatu, visiwe na gundi.

Fundi aliitwa Tepu. Kidole chake cha kati hakikukosa kigurudumu cha ile tepu nyeupe ya kuzuia maji yasivuje, na watu walisema hata siku ya harusi yake pete ilibidi isubiri.

"Mama," alisema, "chagua viungo. Kizuri ni kizito. Kibaya ukikibonyeza kinakubali, kama mtu anayekuitikia bila kukusikiliza. Na cha kufungia koki kiwe na shaba ndani, la sivyo meno yake yatapasuka kabla hujanawa uso."

Mama alivuta kiti chake kifupi hadi kwenye mkeka. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kukanda watu: walioteguka bega, walioanguka ngazini, vichanga vilivyozaliwa shingo imelala upande. Kuna wanawake ambao ukiwatajia viungo wataingia jikoni kutafuta pilipili manga. Huyu ukimtajia viungo aliingia mwilini, moja kwa moja, wala hakubisha hodi. Tepu hakulijua hilo. Alikuwa fundi wa mtaa wa pili.

Binti wa Mama alilijua. Yeye alikuwa mchapaji wa barua, mwenye meza na mashine yake kwenye kibanda mbele ya ofisi za serikali, na ndiye aliyemwita fundi. Alikuwa amechoka kubeba ndoo kutoka kisimani ilhali bomba la kampuni ya maji limepita barabarani, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwao. Kwa miaka kumi na moja Mama alikuwa amekataza maji ya bomba lile yasiingie ndani. Mwezi huu alikubali, kwa sharti moja: "Viungo nitachagua mimi."

Sababu ya kukataa ilikuwa nyepesi kuieleza. Kaka wa huyo mchapaji alikuwa chini ya bomba.

Siku tunaijua, ilikuwa Jumanne. Saa tunaijua, ilikuwa saa nane mchana. Wachimbaji watatu walikuwa ndani ya mtaro wenye kina cha mtu na nusu, na tangu wiki iliyotangulia walikuwa wameomba mbao za kuzuia kuta za mtaro. Msimamizi aliwajibu mbao zipo njiani. Hadi leo zipo njiani. Ukuta ukashuka. Kufikia saa kumi mtaro ulikuwa umefukiwa, bomba limelazwa juu, kwa kuwa Ijumaa mkurugenzi alikuwa anakuja kufungua koki ya kwanza na kupigwa picha akinawa mikono. Kwenye kitabu cha mahudhurio, mbele ya majina matatu, mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri aliandika neno moja, mara tatu: Mtoro.

Mtoro hafi. Mtoro ametoroka tu, yupo mahali, anakula na kulala. Kwa hiyo hapakuwa na maiti, na pasipo na maiti hakuna kifo, na pasipo na kifo hakuna anayeulizwa. Kila mwaka, tarehe ileile, mchapaji alichapa barua. Kila mwaka ilikuja jibu kwamba kampuni haijadili habari za mfanyakazi aliyeondoka kwa hiari yake. Majibu yote kumi na moja yalikuwa kwenye bahasha juu ya kabati.

"Sitaki kitu chao," Mama alikuwa akisema. "Nataka hilo neno lifutwe. Mwanangu hajapata kutoroka hata kuoga."

Basi sasa alifumba macho, akaanza kupapasa. Aliingiza kidole gumba ndani ya kila kiungo, akakizungusha, akakipima uzito kiganjani. Vingine alivirudisha mkekani bila neno. Kimoja akasema kina uchovu. Kingine akasema hiki ni cha mtu mfupi. Tepu alicheka, akidhani bi mkubwa anatania.

"Nipe kiwiko."

Tepu akampa kiwiko cha nyuzi tisini.

"Hiki cha kulia, sawa. Cha kushoto hakikukunjika hivi. Kilivunjika akiwa na miaka saba, alidondoka ukutani akifukuza kishada. Nilikiunga mwenyewe. Hakikurudi sawasawa."

"Kwa kushoto basi tuweke cha nyuzi arobaini na tano," alisema Tepu, akifikiri habari ni za ukuta. "Kinapinda kwa upole."

Mama alikipokea, akakipapasa muda mrefu. "Ndicho," alisema.

Mchapaji alikuwa amekaa mlangoni na daftari, akiandika kila kilichochaguliwa, maana mikono yake haikujua kukaa bure. Alipofika chini ya ukurasa alisoma alichoandika, kisha akamgeuzia Tepu daftari. Tepu alisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili.

"Tii mbili, mabega. Viwiko viwili, hivi nimeviona. Soketi mbili, vifundo vya mikono. Tii moja kubwa, nyonga. Viwiko viwili vya robo tatu, magoti. Tena viwili, vifundo vya miguu. Soketi ya kupunguzia moja, shingo. Koki moja." Akakuna kichwa kwa kidole chenye tepu. "Dada, hii si hesabu ya jikoni. Kwenda jikoni nahitaji viwiko viwili, tii moja na koki. Hii ni hesabu ya mtu."

"Ndiyo," alisema Mama.

"Wa kimo gani?"

Aliuliza kwa sababu lazima bomba likatwe kwa kipimo, na bomba likishakatwa fupi halirefushwi kwa majuto. Mchapaji aliingia chumbani akatoa suruali na shati la kazi vilivyoning'inia nyuma ya mlango kwa miaka kumi na moja. Tepu alivilaza juu ya mkeka, akapima mguu, akapima mkono, akaandika vipimo ukutani kwa penseli, akaenda uani na msumeno.

Kuunganisha kulichukua mchana wote. Tepu alifuta ncha kwa kitambaa, akapaka gundi, akasukuma, akazungusha robo. Kila kiungo Mama alikishika kwa mikono miwili, akahesabu hadi thelathini, macho mbele, kama alivyoshika mabega ya watu wazima wanaolia. Goti la kulia lilipoingia lilitoa mlio, ta! Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwishowe Tepu alichimba kutoka barabarani hadi uani, akaleta bomba la kulisha lenye urefu wa mita kumi na sita, na alipouliza aliunganishe wapi, Mama alimwonyesha kisigino cha kulia.

"Kisigino ndicho kilichobaki karibu na barabara," alisema.

Mtaa ule maji yalikuja kwa mgao, Jumatatu na Alhamisi. Jumapili yote yule wa plastiki alilala uani kando ya ukuta, na mchapaji alipofua alimkwepa ili asimkanyage mkono.

Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, kampuni ilifungua. Kwanza ilipita hewa, ikapiga filimbi kuanzia kisigino hadi shingoni. Kisha maji yakaingia gotini, yakaingia nyonga, mabega yakajaa moja baada ya jingine. Kiwiko cha kushoto kilichelewa kidogo. Kaka yake mchapaji aliinuka, akakaa, akaegemea ukuta. Shingoni palikuwa panavuja.

"Amevuta pumzi," alisema mchapaji.

"Ni hewa tu, dada. Hutangulia maji siku zote," alisema Tepu, akamkaza shingo nusu mzunguko. Uvujaji ukakoma. Tepu akakusanya viungo vilivyobaki, akavirudisha dukani kabla ya saa sita, kama alivyoahidi.

Mama alimvisha shati. Suruali ilibana kisiginoni kwa sababu ya bomba, ikabidi mchapaji aifumue mshono. Hata siku zisizo za mgao maji hayakumwishia ndani, naye aliweza kutembea kadiri bomba lilivyomruhusu: jikoni alifika, getini alifika, chumbani kwake hakufika. Mara nyingi alisimama getini, uso wake wa koki ukielekea barabarani. Hakusema. Koki ikifunguliwa yalitoka maji yenye udongo mwekundu, na Mama aliyakinga kwenye beseni, akaacha yatuame, akanywa ya juu.

"Naona mna mgeni," alisema jirani, ndoo kichwani.

"Si mgeni, ni mwenyeji," alijibu Mama. "Kinga maji, mwanangu, lakini usiifunge koki kwa nguvu. Hapo ni kinywani."

Alhamisi koki iliziba. Tepu aliifungua kwa spana, akachokonoa kwa waya, vikatoka vibati vitatu vya bati, kimoja baada ya kingine, vikaanguka kwenye beseni. Vilikuwa vibati vya namba ambavyo wachimbaji walivaa shingoni. Kumi na saba kilikuwa cha kaka yake mchapaji. Kumi na nane na kumi na tisa vilikuwa vya wenzake.

Mchapaji hakulala na ushahidi. Ijumaa saa mbili alikuwa amesimama masjala ya kampuni ya maji, vibati vimefungwa kwenye leso. Karani wa masjala alikuwa mtu mwenye mwandiko mzuri. Chai yake ilikuwa na kisosi juu ili isipoe.

"Nimeleta vibati vya watu watatu waliofukiwa na mtaro wenu," alisema mchapaji.

Karani alivitazama, akafungua kitabu, akalamba kidole, akafunua kurasa hadi za miaka kumi na moja nyuma. Uso wake ukachangamka.

"Aisee! Dada, hujui ulivyotusaidia. Hivi vibati vimekuwa vikitusumbua kila ukaguzi. Mlikuwa navyo siku zote hizi?"

"Vimetoka kwenye bomba lenu."

"Basi ni vyetu mara mbili." Akaandika, mbele ya majina matatu: Vifaa vimerejeshwa. Akavitia kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo.

Mchapaji aliishika meza. "Kaka yangu yupo nyumbani. Njooni mumwone. Njooni mwone alivyo, halafu mlifute neno lenu."

"Amerudi?" Karani aliinua tena kalamu. "Mbona hukuanza na hilo? Watoro ndivyo walivyo, hurudi, dunia ikiwafunza." Akaandika kwa herufi za kupendeza, akakausha wino kwa kipande cha karatasi, akamgeuzia kitabu asome. Pale palipokuwa na neno moja sasa palikuwa na mawili: Mtoro, amerejea.

"Miaka kumi na moja mnaniandikia hamjadili habari zake."

"Asiyekuwepo na lake halipo, dada. Sasa yupo."

Mchana ule walimtuma msoma mita kuhakiki. Alikuwa kijana mstaarabu, alivua kofia getini. Alimpima mtoro kwa macho, akainama kukagua kisigino, akaandika: unganisho moja, mtu. Akaomba saini. Kaka yake mchapaji alinyoosha mkono wa kulia, na kwenye kifundo kikadondoka tone moja juu ya fomu, mahali palipoandikwa saini au alama ya kidole.

"Panavuja hapo," alisema msoma mita, "lakini yatosha." Akaipuliza fomu ikauka, akaaga.

Barua ilikuja baada ya siku tisa, yenye muhuri. Mchapaji aliisoma kwa sauti sebuleni. Kampuni ilisema imepokea kwa furaha habari za kurejea kwa mfanyakazi wake wa zamani. Ilisema utoro ni kosa kubwa linalorudisha nyuma kazi. Hata hivyo, ikizingatia muda uliopita na umri wa mama yake, kampuni ilikuwa imemsamehe.

Mama aliyaangalia maji ya beseni hadi yakatuama.

"Wamemsamehe nini?"

Mchapaji alikuwa amechapa barua za watu kwa miaka ishirini. Alijua maneno ya kuomba, ya kulalamika, ya kukata rufaa, ya kuvunja ndoa na ya kudai kiwanja. Aliikunja barua akaitia kwenye bahasha ya juu ya kabati. Ikawa ya kumi na mbili.

Habari za vibati hazikukaa ndani. Jumapili alikuja mama wa yule wa namba kumi na nane, na nyuma yake mke wa yule wa namba kumi na tisa, kila mmoja na mfuko wa viungo kutoka duka lilelile. Mama hakupata kuwakanda wachimbaji hao wenyewe, hivyo aliwauliza wanawake. Kumi na nane alikuwa na goti la kulia linalogoma asubuhi. Kumi na tisa alikuwa na bega lililoshuka, kwa kubebea saruji upande mmoja. Mke wa kumi na tisa alieleza shingo ya mumewe kwa kuinamisha yake, na aliinamisha kwa usahihi, ingawa alikuwa ameolewa tena na ana watoto wawili. Tepu akakata, akagundisha. Jumatatu wawili wakainuka uani, wakawa watatu pamoja na wa kwanza. Hawakukumbatiana. Walijipanga getini, kisigino cha kila mmoja kimeelekea kwenye bomba lake, wakasimama kuikabili barabara. Mara mojamoja wote watatu waliinama kwa pamoja, wakaitegea ardhi sikio wasilokuwa nalo, kisha wakasimama wima tena.

"Wanasikiliza nini?" aliuliza mchapaji.

"Kazi," alisema Mama.

Kazi ilianza wiki ile. Mlimani kulikuwa kumejengwa nyumba mpya, za ghorofa na bustani, na bomba lililokuwepo halikuwatosha wenye bustani. Kampuni ikachora mtaro mwingine, ubavuni mwa ule wa kwanza, wenye kina zaidi. Wakaajiriwa vijana wanane. Msimamizi alikuwa yuleyule, ila sasa mvi zilikuwa zimempanda na tumbo limemtangulia. Siku ya tatu, kuta za mtaro zilipowapita vichwa, kijana mmoja aliuliza kuhusu mbao. Mchapaji alikuwa getini akikinga maji. Alilisikia jibu kwa masikio yake.

"Mbao zipo njiani."

Watatu waliosimama getini waliinama, wakainuka. Kwenye kiwiko cha kushoto cha kaka yake ulitoka mlio mmoja mdogo, ta.

Mchapaji alikwenda kwa msimamizi, akasimama ukingoni mwa shimo, akamtajia Jumanne, saa nane, na majina matatu. Msimamizi alimsikiliza kwa adabu. Akasema anawakumbuka sana vijana wale, na ameambiwa wamerudi, hata anawaona pale getini kila asubuhi, wanamsalimu. Sasa kama wapo hai na wamesamehewa, dada analalamikia nini?

Mchapaji akarudi. Usiku, la, hakusubiri usiku: mchana uleule alichapa barua kwa kampuni, kwa serikali ya mtaa na kwa yeyote mwenye muhuri, akazipeleka kwa mguu. Kila mahali walizipokea, wakazigonga tarehe, wakamwambia asubiri siku kumi na nne za kazi.

Mama hakuandika kwa mtu. Vijana wanane walikuwa wakija getini saa sita kunywa maji, kwa kuwa kampuni ya maji haikuwapa maji. Walikunywa kwa zamu kutoka kwenye koki tatu, wakasema ahsante mzee, ahsante mzee, kwa watu ambao wangeweza kuwa kaka zao. Mama alitoa kiti chake kifupi akakiweka njiani.

"Njoo hapa, mwanangu. Nyoosha mkono."

"Mkono hauumi, bibi."

"Sikukuuliza kama unauma. Nyoosha."

Walicheka, wakanyoosha. Alifumba macho akawapapasa mmoja mmoja: kiwiko, bega, goti, kifundo, mfupa wa shingo. Wa nne alimwambia ameshawahi kuteguka nyonga akadanganya kuwa amepona. Kijana akaduwaa, akakiri, wenzake wakamtania kwamba bibi amemfichua mbele ya watu, sasa mchumba atakimbia. Wa saba alikuwa na kiwiko cha kushoto ambacho hakikukunjika sawasawa. Mama alikishika kile muda mrefu kuliko vyote.

"Andika," alimwambia binti yake.

Mchapaji aliandika. Jioni alichapa yote kwa mashine, safu nane, jina la kila mmoja na viungo vyake. Mwisho wa kila safu aliacha nafasi tupu ya tarehe. Nakala moja aliitia kwenye bahasha ya juu ya kabati, nyingine akampa Tepu.

Tepu alisoma hadi mwisho, akiuzungusha ule mkanda wake kidoleni. Siku hizo hakuwa akicheka tena katika nyumba ile.

"Viwiko kumi na sita," alisema. "Tena na magoti. Dukani havifiki, itabidi mwenye duka aagize. Ataniuliza, bi mkubwa: hivi ni vya nyumba zipi?"

Nje, mchanga ulikuwa ukichotwa na kumwagwa, ukichotwa na kumwagwa, na kila ulipomwagwa kidogo kilirudi chini chenyewe.

"Mwambie ni nyumba nane," alisema Mama. "Zenyewe bado hazijajua."

Kisha akamkumbusha achague vizito.